UZI: Dhahabu na fedha za makasri ya Uajemi ya kale, pale bangili na bakuli vilipokuwa cheo cha mtu

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Naomba leo tuzungumzie vyombo na mapambo ya dhahabu na fedha ya makasri ya Uajemi, hasa enzi ya Koreshi, Dario na Xerxes na waliowafuata, kati ya mwaka 550 na 330 KK. Picha zake zinazunguka sana mitandaoni. Watu wanasema hawa walikuwa matajiri, kisha wanapita. Utajiri ulikuwepo, sibishi. Lakini ukisoma walioandika habari za meza zile, na ukitazama vichache vilivyosalia, unaona dhahabu ile ilikuwa na kazi kubwa kuliko kupendeza. Ilimwonyesha kila mtu amesimama wapi mbele ya mfalme.

Tuanze na Ctesias, tabibu Mgiriki aliyetumikia kasri la Artaxerxes wa Pili. Anasema kwa Waajemi, mtu ambaye mfalme amemwondolea heshima hunywea kikombe cha udongo. Basi. Hakuna viboko, hakuna kutangazwa sokoni. Mmekaa karamuni, wenzako wameshika fedha, wewe umeshika udongo, na kila aliyepo anakuona.

Xenophon, askari Mgiriki aliyekuwa kwenye jeshi la mwanamfalme Koreshi Mdogo mwaka 401 KK, anatupa upande wa pili. Anaandika kuwa bangili, mikufu mizito ya shingoni na farasi wenye lijamu za dhahabu zilikuwa zawadi za mfalme, na huko hakuna aliyeruhusiwa kuwa nazo asipokuwa amepewa na mfalme. Yaani hata kama una dhahabu yako ndani, huendi kwa sonara kuagiza bangili ile. Lazima itoke mkononi mwa mwenye nchi. Koreshi Mdogo alipopatana na Syennesis, mtawala wa Kilikia (kusini mwa Uturuki ya leo), alimpa farasi mwenye lijamu ya dhahabu, mkufu wa dhahabu, bangili, jambia la dhahabu na joho la Kiajemi. Tangu siku hiyo, kila aliyemwona Syennesis barabarani alijua ni mtu wa nani.

Sasa mali yenyewe ilitoka wapi? Hapa hatuwahitaji Wagiriki, kwa sababu Dario wa Kwanza ameandika mwenyewe. Alipojenga kasri lake Susa, ile Shushani ya kwenye Biblia, aliacha maandishi ya msingi yanayotaja kila kitu na kilikotoka. Dhahabu ililetwa kutoka Sardi, Uturuki ya leo, na Baktria, Asia ya Kati. Lazuli, lile jiwe la buluu, pamoja na akiki vilitoka Sogdiana, na feruzi Khwarezm, zote za huko huko Asia ya Kati. Fedha na mpingo vilitoka Misri. Pembe za ndovu zilitoka Kushi (kusini mwa Misri), India na Arakosia (Afghanistan ya leo). Na waliofua dhahabu ile, anasema, walikuwa Wamedi na Wamisri.

Mimi mstari huo wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote. Mfalme aliyejiita mfalme wa wafalme hakuona tabu kuchonga kwenye jiwe kwamba mafundi wake walikuwa watu wa mataifa mengine. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Naendelea baadaye kidogo, karibuni.

Mkaa Baraza

Mkuu nimekaa mbele kabisa. Shusha madini.

Msomaji wa Usiku

Asante kwa uzi. Kwa tuliolelewa na Biblia, habari hii ipo. Esta sura ya kwanza, karamu ya Ahasuero pale Shushani, wageni walinyweshwa kwa vyombo vya dhahabu na kila chombo kilikuwa tofauti na kingine. Nimeusoma mstari huo miaka yote bila kujiuliza kwa nini mwandishi alijali kwamba vyombo havikufanana. Mleta uzi, unafikiri ni kwa sababu hiyo ya vyeo?

Halafu kuna Nehemia, aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Zamani niliona kazi hiyo ni ya mhudumu tu.

Mleta uzi

Msomaji wa Usiku, umegusa penyewe. Ahasuero wengi wanamtambua kuwa ndiye Xerxes. Sitaki kumsemea mwandishi wa Esta, lakini picha anayoichora inaendana na vilivyochimbuliwa: bakuli bapa za kunywea zenye mifuo kama petali za ua, vikombe virefu, magudulia yenye mikono ya mbuzi mwitu, na pembe za kunywea zinazoishia kwa mnyama, simba au mbuzi.

Kuhusu Nehemia, mnyweshaji alikuwa mtu mkubwa. Ndiye aliyeonja divai kabla ya mfalme, kwa hiyo roho ya mfalme ilikuwa mikononi mwake. Xenophon anawasifu wanyweshaji wa kasri la Wamedi kwa namna walivyokiinua chombo kwa vidole vitatu tu, wakakitoa kwa namna itakayokuwa rahisi kwa anayepokea. Bakuli zile hazikuwa na mkono wala tako. Nyingi zina kitovu katikati, umbo limeinuka kwa ndani, na chini yake kuna kishimo cha kukalisha ncha za vidole. Ukiishika kwa kiganja kizima kama mtu anayekunywa uji, umeshajulikana kuwa hujalelewa kasrini.

Na usisahau Ezra sura ya kwanza: Koreshi anamwagiza Mithredathi, mtunza hazina, awahesabie Wayahudi vyombo vya dhahabu na fedha ambavyo Nebukadneza alivitwaa Yerusalemu, ili virudishwe. Jumla iliyoandikwa pale ni 5,400.

Fundi Sonara

Nimerithi kazi hii kwa baba, kwa hiyo mimi nina maswali ya mezani pangu. Hizo bakuli zenye mifuo walizimwaga kwenye kalibu au walizifua? Na hayo mawe ya rangi waliyashikishaje bila mashine?

Mleta uzi

Fundi, karibu sana, watu kama wewe ndio wanaokamilisha uzi.

Bakuli nyingi zilifuliwa kutoka kwenye bamba moja. Fedha ukiigonga sana inakuwa ngumu na mwisho hupasuka, kwa hiyo waligonga, wakapasha moto ilainike, wakagonga tena, mpaka bamba likainuka likawa bakuli. Ile mifuo haikuwa urembo peke yake, kwani inaupa nguvu ukuta mwembamba wa chombo, ndiyo maana bakuli linaweza kuwa jepesi na lisibonyee. Mikono ya magudulia na vichwa vya wanyama vilitengenezwa mbali kisha vikaungwa.

Kuhusu mawe, waliunga vijikuta vya dhahabu juu ya uso wa pambo, wakapata vijumba vidogo, halafu kila kijumba kikajazwa kipande cha feruzi, akiki au lazuli kilichokatwa kwa umbo lake. Mfano mzuri kuliko yote ni kaburi la Susa. Mwaka 1901, Mfaransa Jacques de Morgan alifukua pale jeneza la shaba nyeusi lenye mifupa ya mtu, na juu ya mifupa hiyo mapambo yalikuwa bado mahali pake: mkufu mzito wa shingoni unaoishia kwa vichwa viwili vya simba, bangili zenye vichwa vya simba pia, vipuli vya masikio, shanga za mawe mengi, na bakuli la fedha pembeni. Sarafu za Aradus, mji wa Wafoinike, zilizokutwa humo zinatuonyesha kwamba mazishi yalikuwa kwenye miongo ya mwisho kabla ya Alexander Mkuu wa Makedonia kufika. Ukitazama picha ya karibu, mashavu na shingo za wale simba zimejaa rangi ya buluu na kijani. Jinsia ya marehemu imejadiliwa sana, maana wanaume na wanawake wote walivaa vitu hivi.

Kwenye hazina ya mto Oxus (leo Amu Darya, Asia ya Kati), bangili mbili maarufu zenye viumbe wenye mbawa na pembe zimepoteza karibu mawe yote. Yamebaki mashimo matupu. Watu wengi huzipenda hivyo hivyo, dhahabu tupu, lakini fundi wake angeshangaa, maana yeye aliziona zikiwa na rangi mwili mzima.

Fundi Sonara

Nimeangalia picha hiyo ya simba. Kijumba kimoja kimoja kimekatwa kufuata mnofu wa shavu. Hiyo si kazi ya haraka na si ya mtu mmoja. Heshima kwao.

Mleta uzi

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya nianzishe uzi huu, na kinatuhusu Waafrika.

Kambise, mwana wa Koreshi, aliitwaa Misri mwaka 525 KK. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, anasimulia kuwa kisha aliwatuma wajumbe kusini kwa mfalme wa Waethiopia, jina ambalo Wagiriki waliwaita watu weusi waliokaa kusini mwa Misri. Walibeba joho la zambarau, mkufu wa dhahabu, bangili, chombo cha alabasta chenye manemane na kasiki la divai ya mitende. Kwa macho ya Waajemi hiyo ilikuwa heshima kubwa, vitu vile vile alivyopewa Syennesis.

Mfalme yule aliwaambia wazi kuwa wamekuja kupeleleza. Akauliza kila kitu ni nini. Alipofika kwenye mkufu na bangili, na wakamweleza namna vinavyovaliwa, alicheka. Alidhani ni pingu. Akasema kwao wana pingu zenye nguvu kuliko hizo. Baadaye wajumbe wakapelekwa gerezani, wakakuta wafungwa wamefungwa kwa minyororo ya dhahabu, kwa kuwa katika nchi ile, anasema Herodotus, shaba ndiyo iliyokuwa adimu na ya thamani.

Wasomaji wengi hukichukua kisa hiki kama kichekesho cha mtu asiyejua vito. Mimi naona ndiye pekee katika masimulizi yote aliyesoma zawadi ile sawasawa. Bangili ya mfalme wa Uajemi ilikuwa kifungo kweli. Ukishaivaa, umekubali kwamba heshima yako inatoka kwake, na anaweza kuichukua akakuachia kikombe cha udongo. Huyu wa kusini aliicheka. Herodotus huyo huyo anasema Kambise alipopeleka jeshi kumfuata, chakula kiliwaishia njiani, wakafika mahali pa kulana wao kwa wao, wakarudi.

Mwalimu Zamu

Kisa kitamu, lakini nina tatizo. Ctesias Mgiriki, Xenophon Mgiriki, Herodotus Mgiriki. Watu wao walipigana na Waajemi. Tukijenga historia ya nyumba ya mtu kwa maneno ya jirani aliyegombana naye, tutapata nini? Na Ctesias hasa anajulikana kwa kutia chumvi.

Mleta uzi

Mwalimu, hoja yako ni nzito. Kisa cha yule mfalme wa kusini sikichukui kuwa taarifa ya mashahidi. Ni simulizi, na maneno yale yamepitia vinywa vingi. Ila desturi yenyewe ya kutoa bangili na vyombo ina ushahidi wa Waajemi wenyewe.

Nenda Persepolis, mji wa makasri ya akina Dario, kwenye ngazi za ukumbi unaoitwa Apadana. Zimechongwa safu za wajumbe wa mataifa 23 wakileta zawadi kwa mfalme. Wanaotambuliwa kuwa Walidia wamebeba magudulia, bakuli na bangili zenye viumbe wa mbawa mwishoni, za aina ile ile ya bangili za Oxus. Mchongaji wa jiwe na fundi wa dhahabu walikuwa wanatazama kitu kimoja. Na kundi la mwisho kabisa ni watu wa Kushi: nywele zao, sura zao, mmoja ameshika chombo chenye kifuniko, mwingine amebeba pembe ya ndovu, na mnyama wao ambaye wengine wanasema ni twiga na wengine okapi. Herodotus anasema majirani wa kusini mwa Misri walileta kila mwaka wa tatu dhahabu isiyosafishwa, magogo 200 ya mpingo, watoto watano wa kiume na pembe 20 za ndovu. Hao watoto watano hawamo kwenye jiwe la Persepolis. Naomba tuwakumbuke tunaposifia uzuri wa vyombo.

Chini ya ukumbi huo huo, mwaka 1933 yalipatikana masanduku ya mawe, na ndani yake vibao vya dhahabu na fedha vyenye upande wa takriban sentimita 33. Dario anaandika kwa lugha tatu mipaka ya ufalme wake: kutoka kwa Wasaka walio ng'ambo ya Sogdiana hadi Kushi, na kutoka India hadi Sardi. Mali ilipotoka kote huko, hakuna haja ya Mgiriki kutuambia ilikuwa nyingi.

Na Pasargadae, mji wa Koreshi, kikosi cha David Stronach mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilikuta mtungi wa maji uliofukiwa ukiwa na vipande 1,162, shanga, bangili, vipuli na vijiko vya fedha. Inaelekea mtu aliuficha wakati wa hatari, na hakurudi kuuchukua.

Bint Mrima

Kwa upande wetu Waislamu, Uajemi wa vyombo vya dhahabu tumeusikia madrasa, ingawa ni wa baadaye, wa akina Kisra. Hudhayfa, sahaba wa Mtume, alipokuwa Madain aliomba maji, mkuu wa pale akamletea kwenye chombo cha fedha, naye akakitupa, akasema alishamkataza. Kisha akaeleza kuwa Mtume (SAW) amekataza kunywea vyombo vya dhahabu na fedha. Nilipokuwa mdogo sikuelewa kwa nini kisa kitokee Madain. Sasa naelewa, alikuwa kwenye mji mkuu wa wafalme wale wale wa vyombo.

Pia kuna masimulizi ya Suraqa bin Malik, aliyeahidiwa bangili za Kisra, na Sayyidna Umar akamvika baada ya Madain kutekwa.

Mleta uzi

Bint Mrima, Mungu akuzidishie. Wasasani ndio hao, watawala wa Uajemi kuanzia mwaka 224 BK hadi Waislamu walipowashinda katika karne ya 7. Wao walipenda sana sahani za fedha zenye mfalme akiwinda, amegeuka juu ya farasi anavuta upinde, huku sehemu za picha zikipakwa dhahabu kwa kutumia zebaki. Nyingi zimepatikana mbali sana na Uajemi, huko Urali nchini Urusi, ambako zilifika kwa biashara ya manyoya ya wanyama, na leo mkusanyiko mkubwa kuliko wote uko makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg.

Na tazameni kisa cha Suraqa kwa kipimo cha uzi huu. Bangili ambayo zamani ilitoka kwa mfalme tu, sasa inavikwa mkononi mwa mtu wa jangwani mbele ya watu. Kila aliyekuwepo alielewa nini kimekwisha.

Mkaa Baraza

Swali dogo mkuu. Dhahabu ya Sofala iliyopitia Kilwa haikufika kwa hawa?

Mleta uzi

Kwa akina Dario, hapana. Kilwa ilipata nguvu ya biashara ya dhahabu katika karne ya 13 na 14 BK, zaidi ya miaka 1,500 baada ya Persepolis kuungua. Biashara ya pwani yetu na Ghuba ni ya kweli, vigae vya mitungi ya Kiajemi vimechimbuliwa Manda na Shanga, lakini ni habari za zama nyingine. Tusizichanganye.

Msomaji wa Usiku

Kama vilikuwa vingi hivyo, vimekwenda wapi? Ninayoyaona makumbusho hayajazi hata chumba.

Mleta uzi

Vimeyeyushwa. Hilo ndilo jibu zima, na linaniuma.

Mwaka 479 KK, Wagiriki walipowashinda Waajemi huko Plataea, Ugiriki, walikuta kwenye kambi ya Waajemi mahema yaliyopambwa kwa dhahabu na fedha, mabakuli, vikombe, na bangili kwenye mikono ya maiti. Herodotus anasema watumwa wa Sparta waliiba sehemu wakawauzia watu wa Aegina, ambao waliinunua dhahabu kwa bei ya shaba.

Hiyo ilikuwa kambi moja. Mwaka 330 KK, Alexander aliikuta Persepolis na hazina ambayo mwandishi Mgiriki Diodorus anaikadiria thamani ya talanta 120,000, ukihesabu dhahabu kwa thamani ya fedha. Talanta moja ya Kigiriki ni kama kilo 26. Mgiriki mwingine, Plutarch, anasema kuiondoa kulihitaji jozi 10,000 za nyumbu na ngamia 5,000. Mji ukachomwa moto. Sehemu kubwa ya madini yale ikafanywa sarafu za kulipia askari. Ukifikiri zile saa alizotumia fundi yule wa Susa kukata shavu moja la simba, halafu mtu anatupa kitu kizima kwenye chungu cha moto kwa ajili ya uzito wake, unaona kwa nini kilichobaki ni kile tu kilichofukiwa ardhini na kusahaulika.

Ila wafalme wenyewe walianza. Herodotus anasema Dario alikuwa akiyeyusha kodi ya dhahabu na fedha, anaimimina kwenye mitungi ya udongo, kisha anavunja mtungi na kukata kipande anapohitaji.

Mwalimu Zamu

Na vinavyouzwa leo kwenye minada?

Mleta uzi

Hapo niwe mkali kidogo. Kitu kikiwa hakijulikani kilichimbuliwa wapi, msikiamini kwa uzuri wake. Kwa miongo mingi wafanyabiashara wamebandika maneno "kutoka Hamadan", mji wa Iran, kwenye kila chombo cha dhahabu. Oscar White Muscarella, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye makumbusho ya Metropolitan, New York, alitumia maisha yake kuonyesha jinsi makumbusho makubwa yalivyonunua vitu vya bandia. Mwaka 2013 Marekani iliirudishia Iran chombo cha fedha chenye umbo la mnyama mwenye mbawa, kikielezwa kuwa kimetoka kwenye pango lililoporwa magharibi mwa Iran, na wapo wataalamu waliosema waziwazi kuwa ni kazi ya kisasa.

Hata vya kweli vina majeraha. Hazina ya Oxus iliokotwa kando ya mto kati ya 1877 na 1880, katika eneo ambalo leo ni Tajikistan. Wafanyabiashara walioibeba walivamiwa na majambazi njiani kutoka Kabul mwaka 1880, afisa Mwingereza akawasaidia kuikomboa, ikauzwa Rawalpindi, na sehemu kubwa ikafika Makumbusho ya Uingereza. Hakuna mtaalamu aliyeiona ikiwa ardhini. Hazina ya Walidia wa enzi ya Waajemi iliporwa makaburini karibu na Uşak, Uturuki, katika miaka ya 1960, ikanunuliwa na Metropolitan, na ikarudishwa Uturuki mwaka 1993 baada ya kesi ndefu. Kisha farasi wa bahari wa dhahabu akaibwa humo humo makumbusho ya Uşak na kuwekewa wa bandia. Iligunduliwa 2006, na yule wa kweli akapatikana Ujerumani 2012.

Fundi Sonara

Kwa asiye na nauli ya kwenda huko, aanze na nini?

Mleta uzi

Fundi, Louvre na Makumbusho ya Uingereza wameweka picha kubwa za bure kwenye tovuti zao. Anza na kaburi la Susa, kwa sababu tunajua kila kipande kilikuwa sehemu gani ya mwili. Kisha bangili ya Oxus: moja iko Makumbusho ya Uingereza, pacha wake yuko makumbusho ya Victoria and Albert, zote London. Uzitazame upande wa nyuma pia, uniambie maungio yamekaaje. Mimi nayaona kwa macho ya msomaji tu. Wewe utaona ambacho sijakiona.